Sebenza 31: Kisu cha Kufunguliwa Mpaka Skrubu ya Mwisho

Jamani, nimekishika! Sebenza 31, ile kubwa, bapa la chuma cha MagnaCut, mpini wa titaniamu mtupu bila nakshi hata moja. Kimetoka kwenye boksi muda si mrefu, na mikono yangu imekataa kukiweka chini. Nakifungua, nakifunga, nakielekeza dirishani nione mwanga unapopita, nakifungua tena. Visu vya kukunja vya bei mbaya nimeshika vingi, na vingine vilikuwa vizuri mno, lakini hiki kina utulivu ambao hata sijui nianze vipi kuueleza.

Niweke msimamo wangu mezani mapema. Kisu cha mfukoni kinachouzwa kwa zaidi ya dola 400 za Kimarekani hakihukumiwi kwa picha, wala kwa jina la chuma lililoandikwa kwenye bapa, wala kwa mbwembwe za kukifyatua mbele ya watu. Kinahukumiwa kwa kulegeza skrubu zote, kukitawanya mezani, kukirudisha, kisha kuangalia kama kimerudi vile vile. Kuna visu vinavyoteleza vizuri kwa sababu fundi wa kiwandani alikaa akiibembeleza skrubu ya bawaba mpaka kisu kikakubali. Ukiigusa skrubu hiyo, raha yote imekwisha. Na kuna visu vinavyoteleza vizuri kwa sababu kila kipande kilikatwa kwa kipimo chake tangu mwanzo. Ukiwa dukani huwezi kuvitofautisha. Ukiwa na alenki, ule ufunguo wa skrubu, mkononi, utavitofautisha mara moja.

Aliyeanzisha kisu hiki, Chris Reeve, ni mtu wa Afrika Kusini, fundi wa kuchonga zana na vipande vya mashine kabla hajawa fundi visu. Mwaka 1984, huko Durban, alianza kuishi kwa kazi ya visu. Sebenza ikazaliwa 1987. Na 1989 akahamia na familia yake mjini Boise, jimbo la Idaho, Marekani, ambako karakana ipo hadi leo. Jina la kisu ni la Kizulu, na maana yake ni kazi. Kampuni aliyoianzisha imetwaa mara nyingi tuzo ya ubora wa utengenezaji kwenye maonyesho ya visu ya Blade Show, na nikikishika hiki nawaelewa majaji kabisa.

Haya, tuanze kikiwa kimefungwa. Kiinue kuelekea kwenye mwanga, uangalie pale ncha ya bapa inapolala katikati ya mbavu mbili za mpini. Ncha ndiyo iliyo mbali zaidi na bawaba, kwa hiyo kosa la bawaba lisiloonekana kule chini linakua na kuonekana huku mwishoni. Mwanya wa kushoto na wa kulia unatakiwa ulingane. Kwenye hiki unalingana kiasi kwamba nimechukua ukanda wa karatasi na kuupitisha pande zote mbili nikitafuta tofauti. Sikuiona!

Lakini hapa pana mtego ambao wanunuzi wengi hawaujui. Kwenye visu vya aina hii, ubavu mmoja wa mpini umechanwa kwa urefu ili kupata ulimi unaofanya kazi ya kufuli, na ulimi huo unalisukuma bapa upande mmoja muda wote kisu kikiwa kimefungwa. Bawaba ikiwa imekaa upande kidogo, na ulimi nao ukisukuma kwenda upande wa pili, makosa mawili yanafutana, na bapa linaonekana limekaa katikati kabisa. Njia ya kujua ukweli ni kuuvuta ulimi nje kidogo kwa ukucha huku macho yakiwa kwenye ncha. Nimewahi kufanya hivyo kwenye kisu cha mtengenezaji mwingine, cha bei kubwa kuliko hiki, na ncha ikahama nikiitazama. Ncha ya Sebenza ilibaki palepale. Nikalibonyeza bapa kushoto na kulia, halikucheza. Nikakitikisa kisu karibu na sikio, kimya.

Sasa fumba macho upitishe kidole gumba kwenye kingo zote za mpini. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko nyingi, kwa sababu jicho linadanganyika na kidole hakidanganyiki. Titaniamu ni metali korofi kwa mchongaji. Joto haliondoki haraka pale zana inapokata, kwa hiyo zana inaungua. Tena metali yenyewe hupenda kung'ang'ania makali yanayoikata. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanailainisha ile kona ya nje, ambayo mnunuzi ataigusa, halafu wanakomea hapo. Kwenye Sebenza 31 kona zote zimeondolewa ukali kwa mteremko mdogo wa upana uleule, kuanzia kwenye bawaba, kuzunguka kitako cha mpini, hadi kurudi kwenye bawaba. Nikaingiza ukucha ndani ya ule mpasuko mwembamba uliochanwa ili kuuachia ulimi wa kufuli. Ni mahali pa kujificha uvivu: zana haifiki vizuri na hakuna mteja anayepakagua. Ukucha wangu ukapita mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Aisee!

Rangi ya mpini ni kijivu kisichong'aa, kile kinachotokana na kupulizwa mchanga mwembamba kwa upepo, na hakina baka wala kivuli. Kijipini cha kusukumia kwa kidole gumba ndicho pekee chenye urembo: buluu tulivu ambayo si rangi ya kupakwa. Titaniamu ikitiwa kwenye maji yenye kemikali na kupitishiwa umeme, inajenga ngozi nyembamba ya oksidi juu yake, na unene wa ngozi hiyo ndio unaoamua mwanga urudi na rangi gani jichoni. Ukiongeza volti, rangi inabadilika. Ni kitu kidogo kabisa kwenye kisu, na kinapendeza mno.

Tukifungue basi!

Weka kidole gumba kwenye kijipini, sukuma taratibu. Mwanzoni kuna ukinzani mdogo, ile gololi inayolishikilia bapa lisifunguke mfukoni. Halafu inaachia, na kuanzia hapo mpaka mwisho bapa linatembea kwa mwendo mmoja, bila mkwaruzo, bila pale pazito na pale pepesi, kama bomba la sindano linalosukumwa likiwa na dawa ndani. Unahisi kitu kimejaa humo kati ya bapa na mpini, hakuna nafasi tupu. Kisha linafika mwisho wake na kusimama kwa mlio mmoja mfupi, mzito, ambao ningeweza kuusikiliza mchana kutwa.

Wapo watakaokishika na kusema ni kizito kufunguka. Wamezoea visu vya beringi, ambavyo bapa lake linazunguka juu ya gololi ndogondogo. Ukikigusa tu kimefunguka, ukiachia kufuli bapa linaanguka lenyewe kwa uzito wake. Navipenda hivyo pia, sina ugomvi navyo. Lakini wepesi na ulaini ni vitu viwili. Beringi inaweza kulifanya bapa likimbie hata kama mbavu za mpini hazilingani sawasawa, kwa sababu gololi zinagusa sehemu ndogo sana na zinasamehe. Washa, yaani pete pana tambarare za metali, hazisamehi. Sebenza inatumia washa za shaba ya fosforasi, moja kila upande wa bapa, na washa hizo zinagusana na chuma kwa eneo lote. Ili ziteleze namna hii, pande zote mbili za shina la bapa lazima ziwe tambarare kweli na sambamba, na mbavu za mpini vilevile, na washa zenyewe unene uleule kila mahali. Kipande kimoja kikikosea, kidole gumba kinajua. Kwa hiyo ule uzito kidogo wanaoulalamikia ni vyuma vilivyokaribiana mpaka mwisho, na kadiri kisu kinavyotumika, nyuso hizo zinazidi kung'arishana. Kipya ndicho kigumu kuliko kitakavyokuwa siku zote.

Na kwa wanaoishi penye vumbi, washa zina faida nyingine. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye njia ya gololi, kila gololi inaipanda na kuishuka, na utaisikia mkononi. Kwenye washa, chembe hiyo husukumwa pembeni au inazama kwenye grisi mpaka siku ya kusafisha.

Kosa moja la kawaida unapokifungua: vidole vya ule mkono unaoshika visilale juu ya ulimi wa kufuli. Ukiubonyeza ulimi, unaikandamiza gololi kwenye bapa, halafu unashangaa mbona hakifunguki. Shika kwenye kingo, sukuma kijipini kwenda nje na juu, na kisu kitakutii. Nimempa rafiki yangu akishike, akahangaika nacho mpaka nilipomwonyesha jambo hili, na sura yake ilivyobadilika ilinifurahisha sana.

Tufike kwenye kufuli, maana hapa ndipo Reeve aliacha alama kwenye ufundi wa visu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker alikuwa ameboresha kufuli la ukanda mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya mpini, ambao bapa likifunguka unaruka na kusimama nyuma ya shina lake ili lisirudi. Reeve akaliondoa lile tabaka la ndani na kuufanya ubavu wenyewe wa mpini uwe kufuli. Titaniamu ina tabia ya kuyumba na kurudi kama springi, na unene wa ubavu ni mkubwa kuliko wa ukanda wowote, kwa hiyo kadiri unavyokikaza kisu mkononi ndivyo vidole vyako vinavyozidi kulikaza kufuli. Leo viwanda kote duniani vinatengeneza visu vya mtindo huo.

Mtindo huo una tatizo lake. Titaniamu ni laini kuliko chuma kilichokomazwa, na vitu hivi viwili vikisuguana kwa nguvu titaniamu hunata. Umewahi kushika kisu ambacho kufuli lake linakwama, ukalisukuma kwa kidole mpaka likaachia kwa kishindo? Ndiyo hiyo. Pia uso wa ulimi huliwa polepole, na miaka ikipita ulimi unasogea zaidi na zaidi ndani. Kwenye Sebenza 31 uso wa ulimi umepandikizwa gololi ya seramiki, ngumu kupita chuma cha bapa, na ndiyo hiyohiyo inayolishikilia bapa kikiwa kimefungwa. Gololi moja, kazi mbili. Wazo hili kampuni ililitumia mapema kwenye Sebenza 25 ya mwaka 2012, na hapa limekomaa. Nimelifunga na kulifungua kufuli huku nikisubiri ule mnato. Haupo. Linaachia kwa kidole bila kubembelezwa, na likishakaa limekaa.

Kulipima ni hivi. Kifungue, kishike mpini kwa mkono mmoja, kwa mwingine shika bapa kwenye mgongo, uwe mbali na makali, halafu lisukume juu na chini, kisha kushoto na kulia. Sikiliza zaidi kuliko unavyotazama, kwa sababu mchezo mdogo unaanza kusikika kabla haujaonekana. Kisha geuza kisu uone ulimi umesimama wapi nyuma ya shina la bapa. Ukiwa umegusa ukingo tu, ogopa. Ukiwa umevuka mpaka upande wa pili kisu kikiwa bado kipya, pia ogopa, kwa sababu hauna tena pa kwenda ukianza kulika. Huu umesimama karibu na katikati, mahali panapotuliza roho. Tafadhali usiugonge mgongo wa bapa mezani eti unajaribu nguvu ya kufuli. Kipimo hicho kinaharibu kile unachokipima, na vidole viko njiani.

Haya, alenki!

Ndani ya boksi, pamoja na kadi ya kuzaliwa ya kisu yenye tarehe yake, kampuni imeweka ufunguo wa kukifungulia. Hebu fikiria ujasiri huo. Watengenezaji wengi wanakuonya usiguse skrubu, na hawa wanakukabidhi ufunguo. Nimetandika taulo jeupe juu ya meza, nikalegeza skrubu moja baada ya nyingine. Zinaachia kwa mkazo wa kawaida, vichwa vyake vimechongwa safi, ufunguo unaingia bila kuyumba. Ubavu wa juu ukainuka ukiwa umenyooka, ukiteleza kwenye pini zake bila kukwama. Hapo tayari nilikuwa natabasamu, kwa sababu matundu yasiyolingana yangenilazimisha kuchokonoa.

Na humo ndani, jamani, ndimo alimofichwa mfalme: bushi. Ni kijibomba kifupi cha chuma kinachovalishwa kwenye pini ya bawaba. Bapa na washa zake mbili vinazunguka juu yake, na urefu wake umezidi unene wa vitu hivyo vitatu kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Matokeo yake ni kwamba unapoikaza skrubu ya bawaba, mbavu za mpini zinabana bushi na haziligusi bapa kwa nguvu. Kaza mpaka mwisho, mkono mzito utakavyo, na bapa bado litateleza kama jana. Kwenye visu vingine skrubu hiyo ni kamari: ukizidisha robo mzunguko kisu kinagoma, ukipunguza bapa linacheza, halafu inabidi uitie gundi ya skrubu ili isilegee yenyewe mfukoni. Hapa hakuna la kurekebisha, kwa sababu kiwandani walishamaliza kurekebisha. Unene wa washa, unene wa bapa na urefu wa bushi vilikubaliana kabla havijakutana.

Nikaweka washa kwenye kiganja na kuielekeza kwenye mwanga. Imeanza kupata duara la mng'ao pale inapogusana na bapa, na duara hilo limeenea karibu eneo lote. Washa ya kisu kibaya hung'aa kipande kimoja tu, kama mwezi mchanga, na hiyo ni dalili kwamba bapa limeinama na linaegemea upande. Mtu akikuuzia kisu kilichotumika, mwombe muifungue bawaba pamoja mtazame washa. Itakusimulia maisha yote ya kisu hicho bila kuficha.

Upande wa ndani wa mbavu, mahali pasipoonwa na mtu, umemalizwa kwa uangalifu uleule wa nje. Nikafuta, nikaweka grisi kidogo sana, ile ya kutosha kuacha unyevu tu juu ya washa, nikavirudisha vyote na kukaza skrubu mpaka zikagoma. Kisha nikakiinua tena kwenye dirisha. Mianya ileile. Mwendo uleule wa kidole gumba. Mlio uleule. Sikutafuta pa kukaza wala pa kulegeza, kisu kilijirudia chenyewe! Kama ningelazimishwa kuchagua sababu moja ya kulipa pesa zote hizi, ningechagua hiyo.

Bapa lenyewe lina urefu wa sentimita 9 na kitu kidogo, na kisu kizima kina gramu 133, kwa hiyo kinasikika mfukoni bila kuivuta suruali. Pande za bapa zimesagwa kwa mbonyeo, zikapungua kwenda kwenye makali, na hiyo ndiyo sababu kimepita kwenye karatasi, kwenye kamba ya katani na kwenye embe bila kusukumwa. Mistari ya usagaji wa kulia na kushoto inakoma mahali pamoja karibu na mpini. Angalia sana hapo unaponunua kisu chochote cha daraja hili, kwa sababu mashine inaweza kukata mpini vizuri, ila usawa wa makali unadai mkono na jicho la mtu.

Kuhusu chuma, Reeve ana historia yake. Mwaka 2001 kiwanda cha Crucible cha Marekani kilipotoa S30V, chuma cha pua kilichokusudiwa visu tangu mwanzo, yeye alikuwa miongoni mwa walioshauri. MagnaCut ni ya kizazi kingine: imebuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas na kuingia sokoni 2021. Vyuma vingi vya pua vinapoteza sehemu ya kromiamu yake, kwa sababu inaungana na kaboni na kuwa punje kubwa ngumu ndani ya chuma. Punje hizo zinafanya makali yamomonyoke, na kromiamu iliyofungiwa humo haisaidii tena kuzuia kutu. Thomas alipanga mchanganyiko ili punje ngumu ziwe za vanadiamu na niobiamu, ndogo zaidi, na kromiamu ibaki huru kufanya kazi yake. Karakana ya Boise inakikomaza hadi 63 au 64 kwa kipimo cha Rockwell, ugumu ambao zamani ulimaanisha makali ya kuvunjikavunjika. Kwa msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja, mahali ambapo hewa ya chumvi inakula hata bawaba za milango, habari ya kromiamu iliyo huru si ya kitabuni. Kisu kinakata samaki, kinakata ndimu, unakisuuza, unakikausha, yamekwisha.

Nisiwafiche ninayoyaona kasoro. Titaniamu iliyopulizwa mchanga inachubuka haraka. Funguo za nyumba zikikaa nacho mfuko mmoja zitakiandika mistari siku hiyohiyo, na anayetaka kisu kibaki kipya asikitoe nyumbani. Klipu inabana sana ikiwa mpya, ingawa wameipinda vizuri ili isiukandamize ulimi wa kufuli, na hilo ni wazo jema. Umbo nalo ni lilelile kwa miongo zaidi ya mitatu. Wapenda mistari ya ndege za kivita wataliona la kizamani. Mimi naliona limekamilika.

Je, kuna visu vingine vya kushindana nacho? Vipo, na vinazidi kusogea. Mji wa Yangjiang, kusini mwa China, una viwanda ambavyo sasa vinakata titaniamu kwa usahihi wa kushangaza kwa bei pungufu, na mnunuzi mwenye haraka atafurahia vitu vyao. Nimevifungua baadhi, nikakuta kazi safi sana nje na ndani. Ila kwenye kile kipimo cha kuvunja na kurudisha bila kuirekebisha bawaba, bado sijaona cha kukaa meza moja na hiki. Nipeni changamoto, nitafurahi kukosolewa kwa kisu kilicho mkononi.

Kwa walioshawishika, angalieni mambo mawili. Sebenza inaigwa sana, na visu bandia vyenye nembo ileile vinauzwa kwa bei ya chini kabisa. Nembo inaigika, bushi yenye kipimo sahihi haiigiki kirahisi. Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni, na bei ikiwa tamu kupita kiasi, achana nayo. Pili ni sheria za unakoishi. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja chenye kufuli hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu ya msingi, hata bapa likiwa fupi, kwa hiyo ndugu zetu wa London wakitunze nyumbani au kazini kinapohitajika. Na mnaosafiri kwa ndege, kiingie kwenye mzigo unaokwenda chini, kamwe kisiwe kwenye begi la mkononi.

Kama mkono wako ni mdogo, au hupendi kitu kirefu mfukoni, ipo Sebenza 31 ndogo, bapa la sentimita 7.6 hivi na uzito wa gramu 85, yenye bushi ileile na gololi ileile. Wanaotumia mkono wa kushoto wana toleo lao halisi, ulimi wa kufuli ukiwa upande wao, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalijali. Mimi nishaamua: hii kubwa inabaki kwangu, na ndogo naiagiza kabla ya mwisho wa mwezi!